Tisini na Tisa

Kusafisha data si kazi ya kumfanya mtu atembee kifua mbele, lakini Itandehui Velasco aliiweza. Wenzake wa programu ya kiangazi pale chuoni walizipenda kazi za mbele mbele: kuchora grafu za rangi, kuifundisha kompyuta ikisie nani atarudi hospitali na nani hatarudi. Ita, ndivyo walivyomwita, alipenda kufagia. Umekabidhiwa ziara elfu sitini na moja za watu waliofika kitengo cha dharura katika hospitali nne za bonde la Fresno, kila ziara na mstari wake, na humo ndani mna takataka za kila namna: mwanamume mjamzito, mtoto wa miaka mia mbili, mgonjwa aliyetoka kabla hajaingia. Lazima mtu ashike ufagio. Hapo ndipo wenye subira wanapoachana na wenye mbwembwe.

Katika takataka hizo kulikuwa na tisini na tisa. Safu ya lugha ilijazwa kwa namba: moja ni Kiingereza, mbili Kihispania, tatu ni lugha nyingine, na tisini na tisa maana yake haijulikani, karani hakujaza. Mwanafunzi yeyote wa takwimu anafundishwa mapema dawa ya tisini na tisa, nayo ni kuziondoa, kwa sababu huwezi kupima habari za lugha kwa mtu ambaye hujui anasema lugha gani. Basi mwezi wa sita Ita aliandika amri moja fupi, akabonyeza, na ziara elfu tatu na mia nane zikaondoka kwa mpigo. Swali la utafiti lilikuwa hili: je, asiyejua Kiingereza anangojeshwa zaidi kumwona daktari? Jedwali lililobaki lilijibu bila kigugumizi. La. Watu wa lugha zote walingoja sawasawa, saa mbili na dakika chache. Profesa alimsifu Ita mbele ya wenzake kwa usafi wa kazi yake.

Profesa huyo, Seta Keshishian, Mwarmenia wa miaka sitini na kitu ambaye baba yake alikuwa mkulima wa zabibu, alikuwa na sharti moja ambalo wanafunzi walilicheka pembeni. Kabla hujafuta mistari, chagua ishirini kwa kura, uisome mmoja mmoja kwa macho yako, toka mwanzo hadi mwisho. Alisema huwezi kumtupa mtu ambaye hujamtazama. Wanafunzi waliitikia ndiyo Profesa, halafu wakaenda wakafuta bila kusoma, maana vijana ni vijana. Ita naye mara ya kwanza alifanya vivyo hivyo. Lakini siku ya bango, yaani ya kuonyesha utafiti wao ukumbini, ilipokaribia, ile Ijumaa ambayo aliyakagua mafaili yake yote, alikaa akasoma ishirini zake kama mtu mwadilifu. Uadilifu nao una siku yake ya kukuponza.

Mstari wa kumi na saba ulisema: mwanamke, miaka arobaini na sita. Jumapili, mwezi wa Novemba. Amefika saa kumi na dakika kumi na mbili jioni. Shida: maumivu ya tumbo. Daraja la nne, yaani anaweza kungoja. Amengoja dakika mia tatu tisini na moja. Lugha, tisini na tisa. Mwisho wa ziara: amefariki.

Majina yalikuwa yametolewa, na tarehe pia. Lakini nyumbani kwao Madera, juu ya friji, kulikuwa na kikombe, na ndani ya kikombe kulikuwa na utepe wa plastiki wa hospitali uliokatwa kwenye mkono wa mama yake, Eulalia, na kwenye utepe ule saa ya kufika ilichapwa: saa kumi na dakika kumi na mbili. Ita alikuwa ameuona utepe ule miezi minane, kila alipochukua maziwa.

Hapa ningependa kusema kwamba moyo ulimpasuka, lakini nitakuwa mwongo. Hakushtuka. Alisoma wa kumi na nane, akasoma wa kumi na tisa, akasoma wa ishirini kwa kuwa sharti ni ishirini, kisha akashuka ngazi akanunua burito ya maharage akaila yote. Ndivyo alivyokuwa tangu msiba. Siku tisa za rozari alipika na kuosha sufuria na wanawake wengine, akagawa tamale za unga wa mahindi, akapokea pole kwa mikono miwili, na chozi halikutoka. Shangazi zake walinong'ona kwamba shule imemkausha. Yeye hakuwa amekauka. Alikuwa na ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, nawe unaukanyagia bila kujua kama umefika chini.

Sasa sikiliza tatizo lilipo. Kabla ya kupewa ufunguo wa data, kila mwanafunzi alitia sahihi mkataba. Moja ya masharti yake: ukimtambua mtu yeyote humo ndani, funga faili na umwambie msimamizi wako siku ileile. Ukikaa kimya, umevunja mkataba, na aliyevunja mkataba ananyang'anywa ufunguo. Na mwisho wa kiangazi Profesa angependekeza jina moja, moja tu, kwa ufadhili wa miaka miwili unaolipa ada yote na kumfikisha mtu mlangoni pa shahada ya uzamivu. Kila mtu alijua ni jina la nani. Ita aliitaka nafasi ile tangu akiwa sekondari, tangu siku alipomweleza mama yake kwamba kuna watu wanaolipwa kwa kuwahesabu wagonjwa wengi kwa pamoja mpaka ugonjwa wenyewe uonekane.

"Kwa hiyo utahesabu wagonjwa," mama yake alisema, akifunga kitambaa kichwani, shamba likimngoja. "Na mimi nahesabu masanduku ya zabibu. Tofauti yetu ni kiyoyozi."

Ita hakumwambia Profesa siku ileile. Wala kesho yake. Alifanya jambo jingine ambalo hata yeye hakuwa na jina lake. Kila asubuhi, kabla ya kazi, aliufungua mstari wa kumi na saba, akausoma mpaka mwisho, akaufunga. Hata salamu hakuutolea. Alisoma tu, kisha akaendelea na bango.

Nyumbani walibaki wawili. Baba yake, Leobardo, aliamka saa kumi alfajiri kuwahi mashamba ya lozi kabla jua halijawa jua, akarudi mchana na vumbi mpaka kwenye kope. Maneno yake yalikuwa machache hata mama alipokuwa hai. Sasa alikuwa anaishiwa kabisa. Jumapili alisimama mlangoni pa jikoni, kofia mkononi.

"Wamenipa siku ya kliniki," alisema. "Ijumaa. Saa nne."

"Nini kinakusumbua?"

"Nachoka."

"Kila mtu anachoka, baba. Ijumaa siwezi, nina bango. Mwambie Chucho wa jirani akupeleke, yeye anajua Kihispania vizuri."

"Haya," Leobardo alisema, akavaa kofia yake humo humo ndani ya nyumba akaenda kukaa uani.

Jumanne mchana Ita alikuwa maabara na Pakou Thao, mshirika wake kwenye bango. Pakou alikuwa Mhmong wa Fresno, wa watu wa milimani waliokuja kama wakimbizi, binti wa nyumba ya watu kumi na mmoja, mdomo wake hauna mlango. Alikuja na wali wa kunata ndani ya mfuko na pilipili ya kusaga ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, na harufu ilikuwa imewafukuza wenzao wawili.

"Kula," alimwambia Ita. "Unazidi kuwa kama ubao wa pasi. Ijumaa ukisimama pembeni ya bango watu watadhani wewe ndiyo mguu wake."

"Nimekula."

"Umekula nini? Namba? Hebu tazama, limerudi kutoka kwa mchapaji, sampuli yake." Pakou alilifungua kwenye kompyuta. Kwa herufi kubwa juu: LUGHA HAIONGEZI MUDA WA KUNGOJA. "Nimemwonyesha mama. Amesema sisi tumesoma miaka kumi na sita kuja kusema hivyo? Kwamba bibi yangu hakungojeshwa? Bibi alikaa pale dharura mpaka akawafahamu walinzi kwa majina ya watoto wao."

"Bibi yako ni mtu mmoja," Ita alisema. "Mtu mmoja si data."

"Ndiyo, Profesa mdogo." Pakou alichovya wali kwenye pilipili. "Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake, unajua? Nina miaka tisa. Daktari ananiambia muulize bibi kama anapata choo vizuri. Namwambia bibi, anasema mwambie huyo mtoto asiye na adabu aende akamuulize mama yake. Nikamgeukia daktari nikamwambia, bibi anasema choo ni kizuri, asante."

Ita alicheka kidogo, kwa pua. Halafu mkono wake ukasimama juu ya kibodi.

"Pale mapokezi," alisema. "Walipouliza lugha. Mlijibu nini?"

"Lugha ipi?"

"Karani anauliza, mgonjwa anasema lugha gani. Ulijibu nini?"

Pakou aliinua mabega. "Nilisema mimi nipo. Kila mara. Mimi nipo, nitamwambia. Wanafurahi, wanaruka hilo swali, mnaenda kukaa. Wewe ulikuwa unajibu nini?"

Ita alikuwa anakumbuka. Jumapili ile, mama amejikunja kwenye kiti cha chuma, karani nyuma ya kioo akauliza: anaongea lugha gani? Na Ita, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye Kiingereza kama cha karani mwenyewe, akasema: usihangaike, mimi nipo. Alisema kwa fahari kidogo, tuseme ukweli. Mara ya mwisho waliletewa mkalimani wa Kihispania, lugha ambayo si ya nyumbani kwao, na mama kwa aibu aliitikia ndiyo kwa kila kitu, hata alipoulizwa kama anavuta sigara. Ita hakutaka tena aibu ile. Karani alishukuru, akapita, akaacha kisanduku cha lugha kitupu. Kompyuta ikakijaza yenyewe: tisini na tisa.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wahenga hawakuwahi kukaa dharura na mtoto anayejua Kiingereza, la sivyo wangeongeza kwamba kuna watu huondolewa kwa sababu ya yule aliyekuwepo.

Pakou alipoondoka, Ita aliifuta ile amri yake ya mwezi wa sita. Ziara elfu tatu na mia nane zikarudi. Akazipa kundi lao wenyewe, akapima upya. Watu wa lugha zote zilizoandikwa: saa mbili na dakika chache. Watu wa tisini na tisa: saa tatu na nusu. Alilinganisha hospitali kwa hospitali, zamu kwa zamu, Jumapili na Jumapili. Pengo halikufungika. Aliyatazama majibu kwa muda, kisha akaenda kuosha chupa yake ya maji. Angetaka kuhisi kitu, hata hasira. Chupa ilikuwa safi, akaiosha tena.

Jumatano asubuhi alibisha ofisini kwa Profesa. Profesa alivuta droo, akasogeza aprikoti kavu mezani kama alivyofanya kwa kila anayeingia, awe mkuu wa kitivo au fundi bomba.

"Keti, Itandehui." Ni yeye peke yake pale chuoni aliyelitaja jina lile lote bila kulivunja. "Bango linachapwa kesho. Sema."

"Nataka kurudisha tisini na tisa."

Alimpa karatasi. Profesa aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena kwa karibu.

"Saa tatu na nusu," alisema.

"Ndiyo, Profesa."

"Umeangalia msongamano? Karani akielemewa haulizi lugha, na siku hiyo hiyo watu wanangoja sana. Inawezekana hii ni zamu mbaya tu."

"Nimelinganisha zamu kwa zamu. Iko ukurasa wa pili."

Profesa alifunua ukurasa wa pili. Alichukua muda wake. "Basi hawa ni akina nani?"

"Ni watu waliokuja na watoto wao. Mtoto anasema mimi nipo, karani anaruka swali. Hakuna lugha iliyoandikwa, kwa hiyo mkalimani haitwi. Mtoto ndiye anayetafsiri."

"Hilo halimo kwenye jedwali. Hakuna safu ya nani alikuja na nani."

"Najua."

"Basi umejuaje?"

"Pakou alinihadithia habari za bibi yake."

"Bibi yake Pakou alikuwa miaka kumi na miwili iliyopita." Profesa aliweka karatasi mezani, akailainisha kwa kiganja. Hakuwa mkali. "Nisikilize. Nikitaka hospitali wafungue fomu zao za mapokezi tuone nini kilitokea, lazima niwaandikie. Watasema karani alipitiwa, mambo ya kawaida. Nahitaji ziara moja, moja tu, kwenye data hii hii, ambayo tunajua kwa hakika kwa nini lugha haikujazwa. Bila hiyo siwezi kuwaweka hawa watu kwenye bango kwa kukisia. Watakaa nje kama walivyokaa."

Ita alitazama aprikoti. Zilikuwa kumi na nne. Alijua kwamba akiinuka sasa, aseme asante Profesa, Ijumaa atasimama pembeni ya bango safi na jina lake litapelekwa. Hakuna atakayemlaumu, hakuna hata atakayejua. Na mama yake atakuwa amefutwa na binti yake mara mbili, mara ya kwanza kwa kutojua.

"Ipo," alisema. "Kwenye zile ishirini nilizosoma. Mstari wa kumi na saba. Ni mama yangu."

Profesa hakuuliza una hakika. Alikuwa amehudhuria mazishi yale, amekaa viti vya nyuma, amekula tamale mbili.

"Umeujua lini?"

"Ijumaa ya wiki juzi. Siku ya kumi na mbili leo."

"Mkataba unasema siku ileile."

"Najua."

"Ungekuja Ijumaa ile, ningekufungia faili, ningekupa jingine, na nafasi yako isingeguswa na mtu. Kwa nini hukuja?"

"Kwa sababu ungelifunga," Ita alisema.

Profesa aligeuza uso dirishani, akakaa hivyo. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya kazi. Lazima aandike ripoti leo. Ufunguo wa Ita utachukuliwa kabla ya saa sita. Jina la Ita halitakwenda kwa ufadhili mwaka huu. Mwakani hajui, itategemea kamati. Bango litarekebishwa, tisini na tisa watapewa kundi lao na maelezo yao, na Pakou atasimama peke yake. Barua kwa hospitali itatoka Jumatatu, na Ita ataombwa aandike kwa mkono wake yaliyotokea pale mapokezi, kama mwana wa marehemu, si kama mtafiti.

"Nitaandika," Ita alisema.

"Umenielewa nilichosema kuhusu nafasi?"

"Nimeelewa."

Alichukua aprikoti moja kwa adabu, akatoka. Saa tano na nusu alijaribu kuufungua mstari wa kumi na saba kwa mara ya mwisho, na kompyuta ikamwambia hana ruhusa. Pakou alimkuta ameketi mbele ya maandishi yale mekundu.

"Profesa ameniambia," Pakou alisema. Safari hii hakuwa na utani. "Wewe mwanamke. Nimekaa na wewe miezi miwili na hukusema neno."

"Ukisimama Ijumaa, usiseme hawakujulikana. Sema hawakuulizwa."

"Nitasema. Lia basi, Ita, mimi nipo."

"Hayaji," Ita alisema, na ilikuwa kweli.

Kwa hiyo Ijumaa, saa nne, wakati Pakou akivaa koti la kuazima na kujisafisha koo ukumbini, Ita alikuwa kliniki ya Madera na baba yake. Chucho aliambiwa apumzike. Leobardo alikuwa amevaa shati la kanisani, amelifunga mpaka kifungo cha juu.

Karani wa mapokezi alikuwa msichana wa rika la Ita, kucha ndefu za zambarau, macho kwenye kioo cha kompyuta. Alichukua jina, tarehe ya kuzaliwa, bima. Kisha, bila kuinua macho, akamuuliza Ita:

"Anaongea lugha gani?"

Mdomo wa Ita ulishafunguka. Maneno yale mawili yalikuwa yamekaa ulimini tangu akiwa na miaka saba, hayahitaji kuitwa. Aliyameza. Akamgeukia baba yake, akamwambia kwa lugha ya nyumbani:

"Anakuuliza wewe. Unasema lugha gani."

Leobardo alimtazama binti yake, kisha karani. Miaka ishirini na mbili nchi hii na hakuna aliyewahi kumuuliza yeye. Alivua kofia.

"Tu'un savi," alisema. Maana yake lugha ya mvua, ya wenyeji wa kwao kabla Kihispania hakijafika.

"Ni Kihispania hicho?" karani aliuliza.

"Hapana," Ita alisema. "Kimixteko. Tunaomba mkalimani."

"Si wewe upo?"

"Mimi ni binti yake tu."

Karani alipandisha na kushusha orodha yake. "Hakimo hapa. Nitaweka nyingine. Mkalimani ni kwa simu, inaweza kufika dakika arobaini."

"Tutangoja."

Wakangoja. Leobardo alimuuliza mara moja kwa nini hasemi mwenyewe waende nyumbani, na Ita akamjibu kwamba leo amechoka kusema. Ilifika dakika hamsini na tatu. Muuguzi akawaita, akaweka simu mezani, na humo ikatoka sauti ya mwanamke, mtu mzima, lafudhi yake ya vijiji vya juu kidogo kuliko vyao, lakini lugha ni ileile. Alimwamkia Leobardo kwanza, akamuuliza ni mtoto wa kijiji gani, na mgongo wa yule mzee ukanyooka kitini.

Muuguzi akauliza: shida ni nini, unaumwa wapi? Mkalimani akaligeuza swali. Leobardo akajibu neno moja.

"Ini."

Ita alilisikia. Neno lao hilo si ini letu sisi. Kwao ini ni ndani yote ya mtu, kuanzia kifuani mpaka kitovuni, moyo na tumbo na yanayouma humo pamoja na majonzi. Ndilo neno alilolisema mama Jumapili ile, amejikunja, mkono umeshika pote. Ini, mwanangu. Na muuguzi wa siku ile akauliza anasema nini, na Ita akajibu haraka, kwa Kiingereza chake kizuri: tumbo. Tumbo ni daraja la nne. Tumbo linaweza kungoja saa sita na nusu. Moyo ndio uliosimama.

Mkalimani hakulitafsiri upesi neno lile. Kisha yule mwanamke akauliza, taratibu, kama anayeuliza bei ya nyanya:

"Ini ya wapi, baba? Ya juu, moyoni, au ya chini, tumboni? Weka mkono wako hapo, huyo muuguzi anayekuhudumia aone."

Leobardo aliinua mkono wake mpana wenye nyufa, akauweka kifuani, kushoto, akauacha pale.

Muuguzi aliangalia mkono ule, akaacha kuandika, akainuka akaenda kuita mtu.

Swali moja tu. Ita aliona jinsi lilivyokuwa fupi, jinsi ambavyo yeyote angeweza kuliuliza, jinsi ambavyo yeye mwenyewe, pale pale kwenye kiti cha chuma, angeweza kuliuliza. Kitu kikamlegea chini ya mbavu, akasikia uchungu, uchungu wenyewe, mbichi kama wa jana. Akainama akalia kwa sauti, na hakujali nani anamtazama.

"Nani huyo analia?" mkalimani aliuliza kwenye simu.

"Ni mwanangu," Leobardo alisema, mkono bado kifuani. "Ini yake inauma."